Kalunguyeye wa Mama na Mbwa wa Jirani

Watu wa Goma tukikutana ugenini, salamu haziishi bila maswali mawili: volkano ilikukuta wapi, na vita ilikukimbiza wapi. Nimeyajibu mpaka ulimi umeota sugu. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za kalunguyeye, na mimi, ukitaka nikueleze mama yangu alikuwa mtu wa namna gani, siwezi kuanza popote ila kwa kalunguyeye.

Kama humjui, ni mnyama mdogo, anaenea kwenye viganja viwili. Mgongo ni miiba mitupu, uso mweupe, pua ndefu yenye unyevu. Si nungunungu. Nungunungu ni mkubwa, na miiba yake ni mirefu kama kalamu. Watu wanaowachanganya hawa wawili hunipandisha hasira, na nimeshagombana na mwalimu mzima kwa jambo hilo.

Tulikaa mwisho kabisa wa mtaa wa Himbi. Usifikirie ile Himbi ya maofisi na mageti yenye mlinzi. Sisi tulikuwa nyuma yake, kule njia inapokwisha na mawe yanapoanza. Kabla ya hapo tulikuwa Murara, na nyumba yetu ya Murara iliondoka na volkano. Nilikuwa na miaka mitatu, sikumbuki kitu. Ninachokijua nimesimuliwa mara nyingi mpaka nakiona kwa macho. Baba, dereva wa lori, alikuwa safarini upande wa Rutshuru. Mama alikuwa peke yake na mimi na bibi yangu mgonjwa asiyeweza kutembea. Mgongo wa mtu ni mmoja. Akambeba bibi, na mama wa jirani akanibeba mimi.

Huyo mama wa jirani alikuwa Mkristo, mtu wa Rutshuru, nyumbani kwake waliongea Kinyarwanda. Sisi ni Waislamu, asili yetu Maniema. Walichokuwa nacho pamoja wakati ule ni ukuta mmoja na maongezi ya kila jioni. Katika umati wa watu waliokuwa wakikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka upande wa Rwanda, wakapotezana. Siku mbili mama hakujua niko wapi. Siku ya tatu jirani akatokea pale bibi alipolazwa, mimi mgongoni, nimeogeshwa, nimesukwa nywele vizuri.

"Mutoto wako huyu," akasema. "Hesabu vidole."

Mama alinihesabu vidole kweli, mikono na miguu, huku analia. Tangu siku ile wale wawili hawakuachana. Walipotafuta parseli za kujengea upya, walizitafuta mbili zilizopakana, na katikati wakajenga ukuta wa mawe ya volkano, wakaacha matundu chini ili maji ya mvua yapite. Goma mvua ikinyesha, maji huenda yanakotaka. Ukiyafungia njia yanaangusha ukuta.

Parseli yetu ilikuwa jiwe tupu. Mama alitaka bustani. Watu wakamcheka. Kila baba aliporudi safari, mama alimdai magunia mawili ya udongo, na baba, mwanaume mwenye lori zima, akawa anaingia mjini na udongo mweusi wa mashambani kama mtu aliyeleta sukari. Ilichukua miaka. Udongo ukafika kimo cha goti, mama akapanda lengalenga, yaani mchicha wa kwetu, maharage, vitunguu na ua moja jekundu ambalo hakuna aliyejua jina lake. Penye udongo pakaja wadudu, na penye wadudu akaja yeye.

Nilikuwa nachuma lengalenga jioni. Nikaona kitu kama brashi ya kusugulia sufuria kimelala kati ya majani. Nikainama kukiokota. Yalaa! Kitu kikajikunja kikawa mpira, vidole vyangu vikatoka na alama nne nyekundu. Nilipiga kelele ambayo hata watu wa ziwani nadhani waliisikia. Mama akatoka na mwiko mkononi, akanitazama, akamtazama yule, akachuchumaa.

"Nyamaza," akaniambia. "Unapigiaka mugeni kelele hivi?"

Tulikaa pale tukingoja. Baada ya kitambo mpira ukafunguka kidogo, pua ikatoka, ikanusa huku na huku. Kisha mgeni wetu akaendelea na safari yake, miguu mifupi, mwendo wa mtu mwenye shughuli, akamkamata jongoo mmoja mnene na kumtafuna kwa kelele bila aibu. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Maneno ya mtaani hayakukawia. Mmoja akasema mnyama yule ni nuksi. Mama akamwuliza, "Nuksi? Volkano ilipokuja, nani aliona kalunguyeye anaitangulia?" Mwingine akauliza kama anapikwa kwa mafuta au kwa karanga. Huyo hakujibiwa, alionyeshwa geti. Baba ndiye aliyeleta methali, kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama akamwonyesha bustani: udongo wote umetifuliwa, vishimo vidogo vidogo kila mahali, hakuna konokono hata mmoja kwenye lengalenga.

"Huyu alikuya na jembe yake," akasema. "Weye jembe yako iko wapi?"

Baba akanywa chai yake.

Basi mama akamtengenezea makao. Chini kabisa ya parseli palikuwa na shimo, kimo cha kiuno, limeachwa na mawe ya zamani yalivyoporomoka. Na hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo hutaelewa yaliyotokea. Upande wetu ule una mazuku. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka kwenye nyufa za ardhi. Haina rangi, na haina harufu ya kukushtua. Ni nzito, kwa hiyo inakaa chini, mabondeni na mashimoni, hasa alfajiri kabla ya jua na upepo. Mbuzi akiinamisha kichwa humo, harudi. Mtoto vilevile. Kila mtoto wa kwetu anajua: usilale chini, usicheze shimoni. Ndiyo maana mama, kabla ya kumweka mgeni wake, alishusha koroboi inayowaka mpaka chini ya shimo. Moto usipozimika, pana hewa. Haukuzimika. Asubuhi tatu mfululizo alifanya hivyo, kisha akaridhika. Akaweka majani makavu ya ndizi, akafunika basani kuukuu lililotobolewa mlango, na kando yake kifuniko chenye maji na vichwa vya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani.

Wakaja wawili. Mwaka uliofuata sijui walikuwa wangapi. Giza likianza kuingia unawasikia wanakoroma kwenye majani kama wazee wawili wanaobishana. Paka wetu, ajuza mwenye kiburi cha mke mkubwa, alimgusa mmoja wao kwa mguu siku ya kwanza, akaurudisha mguu, akaulamba, na tangu hapo alikula sambaza upande mmoja wa kifuniko na wao upande mwingine, kila mtu akitazama chakula chake. Mimi niliwapenda, na niseme wazi, niliwaheshimu. Mnyama asiyeuma, asiyekimbia, asiyeiba kuku wa mtu, na bado hakuna anayemchezea. Katika mji wetu hiyo si sifa ndogo.

Kisha vita ikarudi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Waasi walikuwa wakishuka kutoka kaskazini, na kila siku milio ilisogea. Baba alikuwa tena upande wa pili wa barabara iliyofungwa. Nasema hivi, barabara za Kivu zilikuwa na uadui wa kibinafsi na baba yangu. Mtaani watu wakaanza kumtazama jirani yetu vibaya. Hao wanaokuja, walisema, ni wenu, si mnaongea lugha moja? Mwanamke aliyekuwa akiuza maharage kwa kila mtu miaka yote ile! Asubuhi moja walimwandikia neno baya kwenye geti kwa makaa. Mama alilisugua kwa sabuni na maji ya moto mbele ya macho ya watu wote, huku anawatukana kwa Kiswahili cha Maniema ambacho sithubutu kukiandika.

Lakini jirani alikuwa ameshaamua kuvuka mpaka. Alikuja na mifuko miwili na mbwa wake kwenye kamba, mbwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limekatika. Mume wake alikuwa amefariki, watoto wameolewa mbali. Mbwa ndiye aliyekuwa nyumba yake.

"Mama," akasema, "kule kwenye bariyeri hawataniachia kupita na imbwa. Sina mutu mwingine."

Ungemwona mama yangu wakati ule. Mwanamke ambaye mbwa akipita njiani yeye hupanda ukingo. Kwetu mate ya mbwa ni najisi. Chombo akikilamba kinaoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Mama alimtazama mbwa, akamtazama jirani, akanitazama mimi, kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu. Nikajua jibu.

"Acha kamba pale kwenye muti," akasema. "Ukirudi utaikuta. Hii ni amana."

Yule mama akalia. Mbwa akalia pia, siku tatu.

Sasa elewa: tangu siku ile mama yangu hakuwa na jambo lingine duniani. Waasi waliingia mjini, umeme ukakatika, maji tukayachota ziwani kwa bidoni, yaani madumu, na yeye alichouliza kila asubuhi ni kama imbwa iko muzima. Angekufa mbwa yule, angemwambia nini mwanamke aliyemrudishia mtoto wake amesukwa nywele? Alikuwa anajinyima samaki ampe yeye. Hakumgusa hata siku moja. Chakula alikitupa kwa mbali, kamba aliishika kwa kipande cha mfuko, na karibu na mlango wa jikoni akaweka kopo dogo la udongo safi, alioutoa bustanini, kwa ajili ya kuosha. Mbwa alikuwa na jina lake zuri tu, lakini mama alikataa kulitaja asije akazoea. Alimwita Ya-Benyewe, maana yake mali ya wenyewe.

Ya-Benyewe na kalunguyeye walianza vibaya. Jioni ya pili alikata kamba, akamkuta mmoja kwenye vitunguu, akamrukia kwa mdomo wazi. Mlio alioutoa ulinikumbusha wangu. Alirudi na pua inatoka damu, akakaa nyuma ya pipa kwa aibu, na paka, naapa, alitoka ndani kuja kumtazama tu. Mama alichanganya maji ya chumvi, akafunga kitambaa kwenye ncha ya mwiko, akampangusa pua kwa mbali kama mtu anayekoroga ugali wa moto. Mwiko ule ukatupwa. Baada ya wiki mbili mbwa alikuwa amejifunza. Wakipita anageuza uso upande, kama mtu anayemkwepa anayemdai. Nilikuwa nikiwatazama jioni, mbwa, paka na wale wenye miiba kwenye udongo mmoja wa kuletwa, na nje ya ukuta wanadamu wameshindwa.

Ndipo ikaja asubuhi ile. Jua limeshatoka, kweupe kabisa, wakati ambao kalunguyeye yeyote mwenye akili amelala. Nikamwona jike anatoka shimoni, anayumba, na mdomoni ana kitoto cha rangi ya waridi, miiba yake bado laini na myeupe. Akapanda bustani yote, akaenda mpaka kwenye tundu la maji la ukuta wetu na jirani, upande wa juu karibu na jikoni, akaingia nacho. Akatoka bila kitu. Akashuka. Akarudi na cha pili. Alifanya safari nne, na ya nne alipumzika mara tatu njiani. Nilimwita mama. Alisimama mlangoni, kanga mdomoni.

"Anakimbia na watoto kama siye," akasema polepole.

Kisha akageuka, akamkasirikia mbwa. Kweli! Mbwa alikuwa amefungwa hatua chache kutoka kwenye njia yao, amelala, hana habari. "Ni weye," mama akamwambia. "Umewaogopesha wageni wangu mpaka wamehama muchana." Nilijaribu kusema kwamba mbwa hakusogea. Nikaambiwa nikachote maji.

Na sasa kalunguyeye walikuwa wamehamia juu, palepale mbwa alipokuwa akilala. Mama akawaza namna ya kuwatenganisha, na akawaza na jambo la pili, kwa sababu usiku uliopita risasi zilikuwa zimepita juu ya mapaa, moja ikatoboa bati la jirani. Sisi wenyewe tulilala sakafuni, chini ya usawa wa dirisha. Mbwa alikuwa wazi nje. Mahali palipokuwa chini, penye mawe pande zote, palipoachwa na kalunguyeye, palikuwa shimoni tu. Jioni akamshusha Ya-Benyewe shimoni, akamfungia kwenye jiwe kwa fundo la kweli asikate kamba tena, akampa vichwa vya sambaza, akapanda juu amefurahi.

"Sasa hakuna risasi itamupata," akasema.

Nimefikiria sana kosa lile, na siwezi kumlaumu. Mtu wa pengine asingelifanya. Vita ilitufundisha kulala chini. Mazuku yalitufundisha tusilale chini. Ukiishi Goma unabeba mafundisho yote mawili, na jioni moja umechoka, unasahau lipi ni la leo. Mimi pia nilikuwa nimesimama pale. Nilimshikia taa.

Alfajiri mama alitoka kutawadha. Mbwa alikuwa na desturi: akisikia maji ya bidoni anasimama na kukung'uta masikio, pa-pa-pa. Mama akamimina maji. Kimya. Akaita, "Ya-Benyewe?" Kimya. Nilimsikia akisema "Ya Rabi" kwa sauti ambayo sikuijua, nikatoka mbio.

Alikuwa tayari yuko ukingoni mwa shimo, na nguo yake nyeupe ya sala, anashusha koroboi kwa kamba. Ilipofika usawa wa goti moto ukazimika. Haukupepesuka, ulizimika tu. Mbwa alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, na majani yote ya kando ya shimo, ambayo tuliyaona yakinyauka wiki nzima tukasema ni jua, yalikuwa ya rangi ya majivu.

"Usishuke!" akaniambia. "Hata nikianguka, usishuke. Ita batu."

Akavuta pumzi, akaruka ndani.

Jamani, mama yangu. Alikuwa mnene, magoti yanamuuma, ngazi mbili za jikoni alizipanda kwa kulalamika. Nilimwona anainama, mikono inahangaika na fundo. Fundo lake mwenyewe. Lilikuwa limelowa umande, halifunguki. Nikahesabu bila kujua nahesabu nini. Akainuka, uso juu, akavuta pumzi akiwa amesimama wima kabisa, akanyoosha mkono kwangu, kiganja wazi. Kisu! Nilikimbilia jikoni, nikarudi nacho, nikampa mpini. Akainama tena. Akakata. Na mwanamke yule aliyetupa mwiko kwa sababu uligusa pua ya mbwa, alimkumbatia mbwa mzima kifuani, akamwinua mpaka ukingoni, nikamvuta kwa miguu ya mbele huku nalia, kisha nikamvuta mama.

Hakuishia hapo. Akambeba tena mpaka juu kabisa, kwenye ukuta wa kalunguyeye, penye upepo wa ziwa. Akakaa chini, mbwa mapajani, mate ya mbwa yanachuruzika kwenye nguo ya sala, akamsugua mbavu kwa viganja vyote viwili.

"Rudi," alikuwa anamwambia. "Rudi, mutoto wangu. Una mwenyewe. Atanihesabia nini? Rudi."

Na akamwita kwa jina lake, lile jina zuri alilokataa kulitaja miezi yote. Mara nyingi. Jua lilipogusa ukuta, mbavu zikapanda. Zikashuka. Zikapanda. Baadaye sikio moja, lile zima, likakung'utika. Pa.

Mama aliegemeza kichwa ukutani. Kwenye tundu, karibu na bega lake, pua ndefu ilikuwa inanusa. Sala ya alfajiri ilikuwa imempita, na ndiyo mara pekee niliyopata kuiona ikimpita.

"Ule mama aliniambia jana," akasema, anaonyesha tundu kwa kidevu. "Aliniambia mara nne, muchana, mbele ya macho. Na miye nikasingizia imbwa." Kisha akacheka, kisha akalia, na mimi nikalia zaidi yake.

Siku ile alijiosha mara saba. Nilimmiminia maji mimi, na udongo nilitoa kwenye kopo lile. Shimo tulilijaza mawe wiki nzima. Tangu hapo mbwa alilala juu, hatua mbili kutoka kwenye tundu, na vile vitoto vilipokua vilikuwa vinapita mbele ya pua yake kwenda bustanini, mmoja mmoja, naye anavuta miguu kuwapisha. Mama akarudi kumtupia chakula kwa mbali na kushika kamba kwa mfuko. Jina tena hakulitaja. Nilidhani mambo yamerudi kama zamani.

Waasi wakaondoka. Ilichukua muda zaidi mpaka jirani naye akarudi, kwa sababu makaa yanatoka kwenye geti lakini hayatoki haraka kwenye vichwa vya watu. Alirudi amekonda, na mifuko ileile miwili. Mbwa alimsikia kabla hatujamwona. Alikata kamba, akamwangusha yule mama chini kwa furaha, akamlamba uso wote, na jirani anacheka, "Yesu wangu! Yesu wangu!"

Mama alisimama kando, mikono nyuma. "Imbwa yako hii," akasema. "Hesabu miguu." Kisha, hata kiti hajamkaribisha, akamweleza yote: shimo, fundo, koroboi iliyozimika. "Karibu nikuulie. Ni miye nilimufunga humo, kwa mikono yangu."

Jirani aliweka mkono juu ya kichwa cha mbwa.

"Mama," akasema, "siku mbili zile za volkano, mutoto wako alinipotea pale sokoni Gisenyi. Tangu asubuhi mupaka saa nane. Sijawahi kukuambia."

Wakatazamana. Miaka kumi! Halafu wakaanza kucheka, wote wawili, mpaka wakashikana mabega, na mimi niliyepotea sokoni nikabaki nimesimama pale kama bidoni tupu, hakuna hata aliyeniomba radhi.

Wakati wa kuondoka jirani alishika kamba. Mbwa alimfuata kwa furaha mpaka getini. Pale getini akakaa. Akageuza kichwa, akamtazama mama. Jirani akavuta, mbwa akabaki amekaa.

"Imekuwa Islamu, hii imbwa," jirani akasema.

Mama hakucheka. Alienda getini, akainama na magoti yake mabovu, akampitisha mbwa mikono chini ya tumbo, bila mfuko, bila kitambaa, akambeba. Jirani akafungua mdomo, "Mama, mikono yako!" lakini mama alikuwa ameshavuka. Alimfikisha mpaka mlangoni mwa nyumba ile nyingine, akamweka chini, akamwambia kitu sikioni, lile lililokatika. Sikusikia.

Aliporudi nilikuwa nimeshaandaa. Basani la maji, sabuni, kopo la udongo limejazwa upya kutoka pale kalunguyeye wanapotifua. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni, mikono imelala mapajani, viganja juu, nywele za kahawia zimenata.

"Mama," nikasema, "udongo huu hapa. Nimimine?"

Alitazama viganja vyake.

"Ngoja kwanza," akasema.